Umeunda Kitu na Mnunuzi Amekuja: Jinsi ya Kupata Msaada wa Sheria kwa Bei Unayoweza

Chukua mfano huu. Wewe ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Kariobangi Light Industries. Kwa miaka miwili umekuwa ukihangaika na kifaa cha kufunga kwenye bodaboda, ili injini ya pikipiki izungushe mashine ya kupukuchua mahindi huko huko shambani. Umekosea mara kumi, ukabadilisha mnyororo, ukabadilisha gia, na sasa kinafanya kazi. Mkulima mmoja amerekodi video, imezunguka WhatsApp, na leo asubuhi mtu ameegesha pikapu mbele ya karakana yako.

"Fundi, kazi yako nimeipenda sana. Nakupa elfu themanini leo leo. Weka tu sahihi hapa."

"Hii karatasi inasema nini, bosi?"

"Ni ya kawaida tu. Inasema tumeelewana."

Simu iko mkononi, pesa inaweza kuingia ndani ya dakika moja, na karo ya muhula haijalipwa. Karatasi yenyewe ina kurasa nne za Kiingereza kigumu. Ungefanya nini?

Wengi wetu tungetia sahihi. Si kwamba hatujui umuhimu wa wakili. Ni kwamba tumeshaamua kichwani kuwa wakili ni wa matajiri. Ukweli ni kwamba kazi nyingi za kulinda na kuuza ubunifu unaweza kuzifanya mwenyewe, au kwa msaada wa bure. Kuna sehemu moja tu ambayo usiiruke: mtu anayejua sheria asome mkataba kabla hujaweka sahihi. Ukijipanga vizuri, hiyo ni kazi ya saa chache, na unaweza kuilipia.

Makala haya yanakuonyesha vile unaweza kufika hapo bila kumaliza akiba yako.

Kwanza, jua unauza nini

Kuna njia mbili kubwa, na watu huzichanganya kila siku.

Ya kwanza ni kuuza kabisa. Unampa mnunuzi haki zote, anakulipa mara moja au kwa awamu, na kuanzia hapo ubunifu ni wake. Akiuza vifaa milioni moja, hudai hata shilingi. Na wewe ukiendelea kukitengeneza, anaweza kukushtaki kwa kutumia kitu ulichokiunda mwenyewe!

Ya pili ni kutoa leseni. Hapa ubunifu unabaki wako. Unamruhusu mwenzako autumie kwa masharti, na yeye anakulipa. Malipo ya kila kifaa kinachouzwa huitwa mrabaha. Ni kama mwenye nyumba na mpangaji. Mpangaji anaishi na analipa kodi, lakini hati ya nyumba haitoki kwako.

Leseni inaweza kuwa ya kipekee, yaani mtu mmoja tu ndiye anaruhusiwa, au ya kawaida, yaani unaweza kumpa mwingine pia.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Kwa kuuza kabisa, fundi wetu anapata shilingi 80,000, basi. Kwa leseni ya shilingi 400 kwa kila kifaa, mnunuzi akiuza vifaa 300 kwa mwaka, mrabaha ni shilingi 120,000 kwa mwaka huo mmoja. Kwa miaka mitano ni 600,000.

Lakini tusidanganyane. Mnunuzi huyo huyo akiuza vifaa 20 tu kwa mwaka, mrabaha ni shilingi 8,000, na hapo zile 80,000 za mkononi zingekuwa afadhali. Kwa hivyo swali si "ipi ni nzuri siku zote?" Swali ni: mnunuzi huyu anaweza kuuza vingapi, na nitajuaje ameuza vingapi? Kama huna jibu, usitie sahihi ya kuuza haki zote.

Neno la mdomo linaweza kukuchukua miaka 25

Unaujua ule ujumbe wa bure wa "tafadhali nipigie" ambao mtu hutuma akiishiwa na salio? Huko Afrika Kusini, ujumbe huo ulizaa mojawapo ya kesi ndefu zaidi kuhusu wazo la biashara.

Mwaka 2000, Nkosana Makate alikuwa mhasibu mwanafunzi katika kampuni ya simu ya Vodacom. Alipeleka wazo la huduma ya kumwezesha mtu asiye na salio kumwomba mwenzake ampigie. Mkuu wa idara ya kuunda bidhaa akamwahidi kwamba wazo likifaulu atalipwa, na kiasi kitajadiliwa baadaye. Huduma ilianza mwaka 2001 na ikapendwa sana. Malipo hayakuja.

Makate alienda kortini mwaka 2008. Mahakama Kuu ilimkatalia mwaka 2014. Mwezi Aprili 2016, Mahakama ya Kikatiba ikasema makubaliano yale yanaifunga kampuni, na ikaagiza pande zote zijadiliane kwa nia njema. Wakavutana tena juu ya kiasi, kampuni ikitaja randi milioni 47 naye akizikataa, mpaka wakamaliza nje ya mahakama mwaka 2025.

Hesabu mwenyewe. Kutoka wazo hadi mwisho wa mzozo ni miaka 25. Tazama pia kilichokosekana mwanzoni: karatasi moja yenye kiasi cha malipo, tarehe na sahihi. Kama kiasi kingeandikwa mwaka 2000, sehemu kubwa ya safari hiyo haingekuwepo.

Ndiyo maana tunasema saa mbili za wakili kabla ya sahihi ni rahisi kuliko miaka ya mawakili baada yake.

Kazi unazoweza kufanya bila kulipa wakili

Ukienda kwa wakili mikono mitupu, utamlipa akufanyie kazi ambazo ungezifanya jioni ukiwa nyumbani. Anza na hizi.

*Andika historia ya kazi yako.* Nunua daftari. Andika tarehe, ulichojaribu, kilichokataa na kilichokubali. Piga picha. Hifadhi risiti za vyuma na taarifa za malipo uliyofanya kwa simu. Siku mtu akidai ubunifu ni wake, daftari hilo na malipo hayo yanazungumza kwa niaba yako.

*Angalia kama mwingine ameshakifanya.* PATENTSCOPE na Espacenet ni hazina za bure za mtandaoni ambapo unaweza kutafuta hataza za nchi nyingi. Hataza ni haki anayopewa mbunifu ya kuzuia wengine wasitengeneze au kuuza ubunifu wake kwa muda fulani. Ukishindwa kutafuta, vyuo vikuu kadhaa nchini vina vituo vya kusaidia wabunifu kupata habari za teknolojia, vinavyoshirikiana na KIPI.

*Chagua aina ya ulinzi.* KIPI ndiyo taasisi ya serikali inayosajili hataza, kwa mujibu wa Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001. Hataza hudumu miaka 20 tangu tarehe ya kutuma ombi, mradi ulipe ada za kila mwaka. Kuna pia cheti cha yutiliti modeli, ambacho wengine hukiita hataza ndogo. Hiki ni cha miaka 10, na masharti yake ni mepesi kuliko ya hataza. Kwa kifaa cha jua kali kilichoboresha kitu kinachojulikana tayari, mara nyingi hii ndiyo njia ya kuulizia kwanza. Umbo au sura ya bidhaa husajiliwa kama muundo wa viwandani, kwa miaka 5, na inaweza kuongezwa mara mbili hadi miaka 15.

Kama ulichounda ni programu ya simu, mlango wako ni mwingine. Programu yenyewe hulindwa na hakimiliki, na bodi inayohusika ni KECOBO. Na wazo la jinsi ya kuendesha biashara, likiwa peke yake, halipewi hataza Kenya.

*Linda siri kabla ya kuonyesha.* Kabla hujamwonyesha mnunuzi gia ya ndani, mwombe aweke sahihi kwenye mkataba wa kutunza siri. Karatasi moja inatosha: nani anaonyeshwa, anaonyeshwa nini, hataruhusiwa kufanya nini, na kwa muda gani. Kama video yako imeshazunguka mtandaoni, usikate tamaa, lakini usilale. Sheria ya Kenya inakupa miezi 12 tangu ulipouanika ubunifu wako mwenyewe kutuma ombi lako. Nchi nyingi nyingine hazikupi nafasi hiyo, kwa hivyo kama una ndoto ya kuuza nje ya Kenya, tuma ombi kabla ya kuonyesha mtu yeyote.

*Hakikisha kweli ni chako.* Kama umeajiriwa na ubunifu umetokana na kazi uliyoajiriwa kufanya, sheria huanza kwa kuuhesabu kuwa wa mwajiri, isipokuwa mkataba wenu useme tofauti. Mwanafunzi wa chuo naye asome sera ya chuo chake. Na kama mliunda watu watatu, wote watatu waandikwe. Ndugu aliyeachwa nje leo ndiye atakayesimamisha mauzo kesho.

Wapi pa kupata msaada wa bure au wa bei nafuu

Sasa tufike kwenye wenye ujuzi. Usianze na ofisi ya ghorofani yenye zulia. Anza hapa.

*KIPI wenyewe.* Maafisa wao hawawezi kuwa mawakili wako dhidi ya mnunuzi, lakini wanaweza kukueleza fomu, ada na hatua. Pia wana orodha ya maajenti waliosajiliwa kuandaa maombi ya hataza. Kuandika ombi la hataza ni ufundi wake, na si kila wakili anauweza. Muulize ajenti ameshughulikia vifaa vya mashine mara ngapi.

*Mpango wa WIPO wa kuwasaidia wabunifu.* WIPO ni shirika la Umoja wa Mataifa la mali bunifu. Kupitia mpango huu, wabunifu wenye kipato kidogo huunganishwa na wataalamu wa hataza wanaojitolea kufanya kazi bila malipo, na Kenya ni mojawapo ya nchi zinazoshiriki. Utatakiwa kuonyesha kwamba kipato chako ni kidogo, uwe na ubunifu ulioelezwa kwa maandishi, na uwe na ujuzi wa msingi kuhusu hataza, ambao WIPO huufundisha kwa kozi ya mtandaoni. Elewa mpaka wake: msaada huu ni wa kupata hataza, si wa kujadiliana bei na mnunuzi. Lakini ukiondolewa mzigo huo, pesa kidogo uliyonayo inabaki kwa ajili ya mkataba.

*Kliniki za sheria za vyuo vikuu.* Vyuo vyenye vitivo vya sheria mara nyingi huwa na kliniki ambapo wanafunzi, chini ya usimamizi, huwasaidia wananchi. Chuo Kikuu cha Strathmore kina hata kituo cha utafiti cha CIPIT kinachohusika na mali bunifu na teknolojia. Mwanafunzi hawezi kukuwakilisha kortini kama wakili, lakini anaweza kukaa na wewe na kukuelezea zile kurasa nne kwa lugha unayoelewa.

*Wiki ya LSK ya kuhamasisha umma.* Kila mwaka Chama cha Mawakili nchini, LSK, huwa na wiki ambapo mawakili hutoa ushauri wa bure kwa umma katika maeneo mbalimbali nchini. Fuatilia tangazo, beba mkataba wako, fika mapema.

*NLAS.* Hii ni huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016 kwa watu wasioweza kumlipa wakili. Jambo moja la kukumbuka: sheria hiyo haiwapi msaada makampuni. Kama haki iko kwa jina lako binafsi, omba kama mtu binafsi. Na kama mzozo wako ni na mwajiri, jaribu pia Kituo Cha Sheria, ambacho kimewasaidia wafanyakazi wa kipato kidogo tangu miaka ya sabini.

*KeNIA.* Wakala wa kitaifa wa ubunifu hushughulika na kuwaunganisha wabunifu na soko. Hapa unaweza kupata mafunzo na watu waliopitia njia hiyo kabla yako.

*Chama au sako yenu.* Kama mko mafundi 20 kwenye laini moja ya karakana, kwa nini kila mmoja alipe wakili peke yake? Changeni, mwiteni wakili mmoja kwa alasiri moja, awafundishe na awatengenezee nakala ya mkataba wa kutunza siri ambayo kila mmoja ataitumia.

Vile utapunguza bili ya wakili

Ukishafika kwa wakili wa kulipa, bili yako inategemea sana ulivyojitayarisha.

Kwanza, hakikisha ni wakili kweli. Wakili anayefanya kazi Kenya lazima awe na cheti cha mwaka husika. Tafuta jina lake kwenye tovuti ya LSK kabla ya kutuma hata shilingi.

Pili, andika ukurasa mmoja: mimi ni nani, nimeunda nini, mnunuzi ni nani, amesema atalipa nini, mimi nataka nini, na kitu gani sitakubali. Ukurasa huo unamwokolea wakili saa nzima ya maswali, na saa hiyo ungeilipia wewe.

Tatu, omba kazi moja yenye bei moja. Usiseme "nataka unisaidie na ubunifu wangu." Sema: "Nataka usome mkataba huu wa kurasa nne, unionyeshe hatari zake, na uniandikie mabadiliko. Utanitoza ngapi kwa kazi hiyo, yote kwa jumla?" Omba jibu kwa maandishi, hata kama ni kwa ujumbe wa simu.

Nne, uliza kama unaweza kulipa kwa awamu: sehemu ukianza, sehemu ukipewa rasimu, sehemu mwisho. Wengi hukubali. Lakini usishangae akikataa masharti ya "nitakulipa tukishinda kesi." Sheria ya mawakili Kenya haitambui makubaliano ya kuendesha kesi kwa malipo ya ushindi pekee. Kuna pia viwango vya chini vya ada vilivyowekwa kisheria kwa baadhi ya kazi, kwa hivyo bei iliyo chini kupita kiasi inaweza kuwa dalili kwamba unayeongea naye ni broka tu.

Tano, anza kuweka akiba ya kazi hiyo mapema, kabla mnunuzi hajaja. Ukiweka shilingi 100 kila siku ya kazi, siku 6 kwa wiki, baada ya wiki 26 una shilingi 15,600. Iweke kwenye akaunti ya akiba ya simu iliyofungwa, uipe jina "wakili", na usiiguse.

Mambo manane ya kutafuta kwenye mkataba

Hata kama wakili atasoma, soma pia wewe. Haya ndiyo yanayoumiza watu.

1. *Nini hasa kinatolewa.* Ukiona "haki zote za sasa na za baadaye", simama hapo. Maneno hayo yanaweza kubeba hata mashine ambayo bado hujaiwazia.

2. *Wapi na kwa muda gani.* Leseni ya Kenya pekee kwa miaka 3 si sawa na ya dunia nzima milele. Nchi unazobakiza unaweza kumpa mwingine.

3. *Kiwango cha chini cha malipo kwa mwaka.* Hiki ni muhimu sana kwa leseni ya kipekee. Kuna mtu atachukua leseni yako akaiweka kabatini, ili tu usimshindanie na bidhaa anayouza tayari. Weka sharti: auze au asiuze, kila mwaka alipe angalau kiasi fulani, la sivyo haki zinarudi kwako.

4. *Mrabaha unahesabiwa kwa nini.* "Asilimia 5 ya faida" ni mtego. Faida inaweza kuyeyuka kwenye vitabu: petroli, mishahara, kodi ya ofisi, mwisho wa mwaka faida ni sufuri. Shilingi kamili kwa kila kifaa kilichouzwa ni rahisi kuhesabu na ni ngumu kuficha.

5. *Ripoti na ukaguzi.* Kila miezi mitatu akupe orodha ya vilivyotengenezwa na vilivyouzwa. Wewe au mhasibu wako mruhusiwe kuangalia vitabu. Vifaa viwe na nambari za mfululizo.

6. *Maboresho.* Wewe ukiboresha, ni ya nani? Yeye akiboresha, je? Mkinyamaza hapa, ndipo ugomvi wa mwaka wa pili unaanzia.

7. *Mkataba utavunjika vipi.* Asipolipa kwa siku 60, nini kinatokea? Nani anarudisha michoro na vielelezo?

8. *Mkikosana mtaenda wapi.* Andikeni kwamba mtaanza na upatanishi kabla ya korti. Ni haraka na ni nafuu. Angalia pia mji uliotajwa. Kama karatasi inasema kesi itasikizwa London, jua kwamba haki yako imepanda ndege bila wewe.

Mkishakubaliana, mkataba uwe kwa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, kisha upelekwe KIPI uandikishwe. Usibaki na karatasi kwenye droo ukidhani kazi imeisha.

Pesa ikianza kuingia

Hapa ndipo simu yako inakuwa shahidi wako.

Pokea malipo kwa nambari moja ya biashara, Till au Paybill, si leo kwa simu ya mke, kesho kwa simu ya shemeji. Mwambie mnunuzi aandike kumbukumbu ileile kila anapolipa, kwa mfano "MRABAHA JAN-MAC". Kila robo ya mwaka, pakua taarifa ya akaunti yako na uiweke pamoja na ripoti ya mauzo. Zikitofautiana, unajua mara moja, si baada ya miaka mitatu.

Jua pia kuhusu kodi. Anayemlipa mkaazi wa Kenya mrabaha anatakiwa kukata asilimia 5 na kuipeleka KRA. Kwa ule mfano wetu wa shilingi 120,000, atakata 6,000 na wewe utapokea 114,000. Hajakuibia, lakini lazima cheti cha makato hayo kionekane kwenye iTax yako, nawe utayataja makato hayo unapojaza ritani. Kama amekata na cheti hakipo, uliza.

Na kama mnauziana kabisa kwa awamu, mkataba useme haki zinahama pale awamu ya mwisho inapoingia, si siku ya sahihi. Kwa kiasi kikubwa, pesa inaweza kushikwa na wakili kwenye akaunti ya wateja wake hadi masharti yatimie.

Akikataa kulipa, si lazima ukimbilie kesi kubwa. Mahakama ya madai madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kujiwakilisha mwenyewe. Muulize wakili kama dai lako linaingia hapo. Mizozo ya hataza yenyewe ina jopo lake maalumu la mali ya viwandani.

Chunga matapeli

Pale penye ndoto za watu, matapeli hawakosi. Dalili zao ni hizi:

- Anasema ni "afisa wa KIPI" na anataka ada itumwe kwa nambari yake binafsi. Ada za serikali hulipwa kupitia eCitizen, Paybill 222222. Hakuna afisa anayepokea ada kwa simu yake.
- Anakuletea ankara ya "kusajiliwa kimataifa" ambayo hukuiomba. WIPO imewahi kuwaonya wabunifu kuhusu ankara bandia za aina hii.
- Anaahidi kukutafutia mnunuzi ng'ambo, mradi utangulize pesa.
- Hataki uonyeshe mtu mwingine mkataba, na anasema nafasi inaisha leo.

Kumbuka pia: usimpe mtu yeyote PIN yako, hata kama anajiita wakili.

Maswali mnayotuuliza

*Naweza kutoa leseni kabla hataza haijatoka?* Ndiyo. Ombi likishapokelewa KIPI una tarehe yako, na unaweza kutoa leseni juu ya ombi hilo. Mkataba useme nini kitatokea ombi likikataliwa.

*Mkataba ukiwa kwa Kiswahili unakubalika?* Makubaliano hayabatiliki kwa sababu ya lugha. Jambo la muhimu ni nyote wawili muelewe mnachosaini. Mnunuzi akisisitiza Kiingereza, omba muda wa kutafsiriwa.

*Nimeshatia sahihi mkataba mbaya. Nifanye nini?* Usirarue kitu na usitukanane kwenye simu. Kusanya nakala, ujumbe na taarifa za malipo, kisha nenda kliniki ya sheria au kwa wakili haraka. Mara nyingine kuna kifungu mnunuzi mwenyewe hajatimiza, na hapo ndipo mlango wa kujadiliana upya unapofunguka.

Turudi karakana

Mwenye pikapu bado anasubiri. Fundi wetu hahitaji kumfukuza, wala hahitaji kuongea Kiingereza cha kortini. Anahitaji sentensi moja tu:

"Bosi, nashukuru. Niachie nakala, wakili wangu aiangalie, nitakupigia Ijumaa."

Mnunuzi wa kweli atakubali, kwa sababu hata yeye ana wakili wake. Akikasirika, akisema basi sahau, amekuonyesha mapema ni mtu wa aina gani, na hujalipa hata shilingi kumjua.

Kwa hivyo leo jioni fanya mambo matatu: nunua daftari na uandike ukurasa wa kwanza, fungua akiba ya "wakili" kwenye simu yako hata kwa shilingi 100, na umtumie makala haya fundi mwenzako mwenye kitu kizuri ambacho bado hakijapata mnunuzi. Siku mnunuzi akija, awe tayari.